Kaburi Lenye Mlango

Sulimaniyah, Riyadh. Jumapili, 4 Oktoba 2015

Baba amenipa daftari hili niandike mawe. Kila jiwe lina namba yake, urefu wake, na upande unaotakiwa kutazama juu. Mawe nimeyaanzia mbele. Huku nyuma nitajiandika mimi, maana Baba hawezi kufika kurasa za mwisho, na hata akifika hajui Kiswahili.

Mimi ni Metrine Nekesa wa Kimilili. Nina mama, kaka mmoja anayeitwa Cliff, na binti wa miaka tisa, Shirleen. Nilikuja miaka miwili iliyopita kufanya kazi ya nyumba kwa Madam Hanadi, Al-Hamra kule Jeddah. Siku ya kwanza tu Madam alichukua pasi yangu ya kusafiria na simu yangu, akavifungia kwenye sefu. Alisema simu inavuruga kazi. Tangu siku hiyo sijasikia sauti ya mtu wa kwetu. Mkataba wangu uliisha mwezi uliopita, na badala ya kunirudisha nyumbani, Madam amenileta huku Riyadh nimtunze baba yake aliyeanguka bafuni siku ya Idi.

Ndiye ninayemwita Baba, profesa mstaafu wa mambo ya kale. Mikono yake inatetemeka hadi supu inamwagika kabla kijiko hakijafika mdomoni. Lakini ana kazi anayotaka kuimaliza: mfano wa kaburi la mawe, urefu wake kama meza ya kulia. Kaburi lenyewe lilijengwa nchi za baridi alikosomea, na watu wa zamani sana ambao hawakuwa na chuma wala gurudumu. Mfano huo utaonyeshwa Jeddah tarehe tatu Disemba. Mawe anayo, michoro anayo, mikono hana. Kwa hiyo mikono ni yangu.

Jumanne, 6 Oktoba

Mawe kumi na manne. Kiuno changu kimeyahesabu kuliko daftari.

Ijumaa, 9 Oktoba

Naandika Baba akiwa amelala baada ya chakula. Nikiacha kuandika nitapiga kelele.

Dereva wa nyumba hii ni Titus, kijana wa Vihiga mwenye mdomo usiolipa kodi. Leo kabla ya kumpeleka Baba msikitini aliniachia simu yake. "Piga home. Mimi nitakaa kwa gari. Usimalize bundles zote."

Namba ya Mama naijua kama jina langu. Alipokea Cliff. Nikasema ni mimi, Metrine, akakata. Nikapiga tena, akanitukana na kukata. Mara ya tatu alisema mtu anayechezea majina ya marehemu atakiona cha mtema kuni. Mara ya nne simu ilishikwa na Mama.

"Nani?"

"Mama, ni mimi. Nekesa."

"Nekesa gani?"

"Wako. Uliyemzaa wakati wa kuvuna, mvua ikiharibu mahindi ya Mzee Hezekiah."

Hakulia. Kisha akasema, "Nilijua. Mgomba umechipuka."

Ndipo nikajua kwamba nimezikwa.

Ilikuwa hivi. Walingoja simu yangu karibu mwaka mzima. Ajenti wa Nairobi alizima namba zake. Agosti ya mwaka jana mtu akaleta habari kwamba Metrine fulani, Mkenya, amekufa Jeddah na ameshazikwa huko huko. Shirleen alikuwa ameacha kwenda shule, anashinda barabarani akiningoja. Wazee wakasema mtoto hataacha kungoja mpaka aone kaburi. Kwetu mtu akifia mbali na mwili usipatikane, huzikwa shina la mgomba badala yake. Wakachimba. Wakaufunga mgomba ndani ya gauni langu la kwaya, lile la buluu. Wakaimba, wakanyoa nywele, wakala.

Ila Cliff ndiye aliyetumwa mgomba, na Cliff ni mtu wa haraka tangu tumboni. Badala ya kukata shina akaung'oa pamoja na tungi lake la mizizi, akautupa shimoni hivyo hivyo. Miezi miwili baadaye kaburi langu likatoa majani. Sasa lina mkungu. Hakuna anayethubutu kuukata, hakuna anayethubutu kuula.

"Watu walinong'ona," Mama akasema. "Mimi nikawaambia, aliyekufa hazai."

Nikauliza walinizika wapi. Hapo ndipo sauti yake ilipopungua. Nyuma, akasema, kwenye mpaka, chini ya ua. Wazee walisema binti aliyeacha mume akarudi kwao hawezi kulala mbele ya nyumba.

Titus aliporudi aliniuliza kama niliwapata. Nikamwambia, "Nimewapata. Wamenizika." Alinitazama, akatazama sahani iliyokuwa mkononi mwangu. "Na vile marehemu anakula chapati!" Nilimtupia kitambaa cha vyombo usoni. Halafu tukacheka wote wawili mpaka mimi nikaanza kulia.

Jumamosi, 10 Oktoba

Nyuma! Na mimi ndiye niliyewaezekea mabati.

Jumatano, 14 Oktoba

Titus sasa ananiita Marehemu. "Marehemu, chai iko wapi?" Nimemkataza, hasikii.

Leo tumesimamisha mawe ya chumba. Nieleze kaburi lilivyo, kwa sababu nami nimeanza kulielewa. Katikati kuna chumba. Kuta zake ni mawe makubwa yaliyosimamishwa wima bega kwa bega, na nyufa zimejazwa mawe membamba bila hata kijiko cha saruji. Kutoka chumbani unatoka ujia mrefu hadi nje, na ujia huo ni wa chini. Juu ya vyote kitakuja kilima cha udongo, hata mtu wa mbali aone mlima tu.

"Mbona njia ni fupi hivi kwa kimo?" nikauliza.

"Ili uingie umeinama," Baba akasema. Anaongea Kiingereza cha polepole, hapa nakigeuza. "Mfalme au mchunga ng'ombe, wote wanaingia kwa magoti."

Nikamuuliza alilala nani humo. Akasema wengi: wanaume, wanawake, watoto, mmoja baada ya mwingine kwa mamia ya miaka. Walipochimba walikuta mifupa imechanganyika, huwezi kujua nani ni nani.

"Hakuna waliowekwa nyuma, kwenye mpaka?"

Hakunielewa. Nami sikumfafanulia.

Jumatatu, 19 Oktoba

Dari limeanguka. Baba amekataa chakula cha mchana.

Jumanne, 20 Oktoba

Limeanguka tena. Mchoro unasema kila safu ya mawe itokeze ndani kidogo kuliko ya chini yake, pande zote, mpaka uwazi ubaki mdogo na jiwe moja lifunike. Baba aliniamuru nifuate mchoro. Nikaufuata, safu ya tatu ikaingia chumbani kama mlevi.

Baba akafunika uso kwa mikono yake inayotetemeka. Nilimwonea huruma, nami pia nilichoka kuokota. Nikamwambia, "Baba, hili ni tanuri."

Kwetu tunachoma matofali. Unayapanga kama nyumba, na chini unaacha mashimo ya kutia kuni. Juu ya shimo huna ubao wala chuma cha kuzuia matofali. Unayatokeza pole pole kutoka pande mbili mpaka yakutane. Mimi na Mama tumepanga matanuri mangapi! Siri yake ni moja. Kabla tofali halijatokeza mdomo, weka mzigo kwenye mkia wake, upande wa nyuma. Mkia uwe mzito kuliko mdomo. Ukianza na mdomo, unajipangia maporomoko.

Nikapanga. Safu moja, kisha mawe ya mzigo nyuma. Safu ya pili, mzigo nyuma. Kufikia alasiri safu tano zilikuwa zimesimama. Baba aligonga ya juu kwa kidole, haikutikisika.

"Nimesoma miaka arobaini," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Mama."

Akaniambia niandike mbele ya daftari: mzigo wa mkia, kwa mujibu wa mama wa Metrine. Nimeandika. Leo nampenda huyu mzee.

Ijumaa, 23 Oktoba

Nimeomba kuongea na Shirleen. Nimesikia pumzi yake tu. Mama anasema mtoto haamini. Anasema sauti ya simuni ni ya mtu mwingine, mama yake yuko chini ya mgomba.

Ijumaa, 30 Oktoba

Leo ameongea. Afadhali asingeongea.

Mama aliniambia kwanza jambo ambalo hakuwa amelisema. Tangu nizikwe, Shirleen akitoka shule hupitia nyuma ya nyumba. Hukaa kaburini na kuniambia mambo yake: alama za mtihani, nani kampiga, nani kamwazima kalamu. Kila siku, mwaka mzima na zaidi. Kisha Mama akampa simu.

"Shirleen, mama, ni mimi."

"Kama ni wewe," akasema, sauti kavu kama ya mwalimu, "jana nilikuambia nini pale?"

Nilitafuta. Nilisema labda ni mambo ya shule. Nilisema labda ni rafiki yako. Nilikuwa nabahatisha kama mtu anayeuza dawa sokoni.

"Mama angejua," akasema, na akamrudishia nyanya yake simu.

Mzee Hezekiah, mdogo wa marehemu baba yangu, alichukua simu akanipa neno la wazee. Mtu mwenye kaburi hapiti langoni kaburi likiwa bado limefungwa. Na si Cliff wa kulifungua, wala si Mama. Aliyezikwa ndiye atakayefukua. Mtoto aone kwa macho yake.

Kwa hiyo ni lazima nifike kwa miguu yangu, na upesi, kabla mtoto hajazoea kuwa na mama wa mgomba. Lakini hapa hakuna mtu anayetoka bila kafili, yaani mdhamini wake, kuweka saini, kafili ni mume wa Madam, na pasi iko kwenye sefu ya Madam.

Jumamosi, 7 Novemba

Jiwe la mlango. Halijengewi, linaegemezwa tu. Watu wawili wanaweza kulisogeza. Nikasema kaburi gani hili lisilofungwa.

"Walirudi," Baba akasema. "Waliingia, wakakaa na watu wao, wakatoka. Aliye ndani hahitaji mlango, Metrine. Mlango ni wa aliye nje."

Nikaweka jiwe chini nikamweleza yote: gauni la buluu, mgomba, Shirleen, sefu. Nilisema bila kupumzika. Baba alisikiliza huku mikono yake ikicheza juu ya magoti.

"Simu pia alichukua?" akauliza. "Hanadi?"

"Ndiyo, Baba."

Aligusa jiwe la mlango. Kisha akasema, "Baada ya maonyesho, inshallah, utakwenda." Nilimbusu kichwani kama wanavyofanya wanawe.

Jumapili, 15 Novemba. Al-Hamra, Jeddah

Tumehama na kaburi. Tumelibomoa jiwe moja moja, namba kwa namba, tukalifunga kwenye mablanketi. Titus ameendesha siku nzima akisema hajawahi kubeba maiti na kaburi lake kwenye gari moja.

Jumanne, 17 Novemba

Mvua. Mtu wa kwetu angedhani hawa wanatania, mawingu kidogo tu na shule zimefungwa. Aisifuye mvua imemnyea: kufikia saa sita barabara ilikuwa mto, na maji yaliingia sebule ya chini. Mimi na Madam tulikuwa magotini tukipitisha mawe ngazini, yeye na abaya yake imelowa hadi kiunoni. Alilia kwa hofu kwamba kazi ya baba yake itapotea. Sijawahi kumwona hivyo. Nilimpa taulo.

Alhamisi, 19 Novemba

Mawe yote yapo. Udongo wa kilima umekwenda na maji. Titus ameagizwa mwingine.

Jumanne, 24 Novemba

Nilikuwa napeleka kahawa. Madam alikuwa akimwambia Baba, kwa Kiarabu, na Kiarabu cha kunihusu mimi sasa nakijua: "Amekuzoea, nawe umemzoea. Mume wangu ataongeza mkataba wake mwaka mmoja tu. Nani mwingine atakushika mkono?"

Nilisimama na trei. Nilingoja Baba aseme. Nilihesabu mpaka kumi na tano. Baba hakusema kitu.

Alipopewa kahawa alikwepa macho yangu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, hata akiwa profesa wa makaburi.

Jumatano, 25 Novemba

Tunajaribu dari upya. Safu mbili.

Alhamisi, 26 Novemba

Safu mbili. Sijaongea na mtu. Titus ameniambia, "Marehemu, leo umenyamaza kama marehemu kweli." Hakucheka alipoona uso wangu. Aliniletea soda.

Nimemfikiria Baba sana. Si mtu mbaya. Anajua kwa nini watu wa miaka elfu tano walisogeza jiwe la mlango, na anayajua magoti yao. Ya huyu anayempikia, hayajui. Au anayajua, na hilo ni baya zaidi.

Jumatano, 2 Disemba

Nimefanya kitu.

Asubuhi tulipeleka mawe yote kwenye ukumbi wa maonyesho. Wageni ni kesho. Nilisimamisha kuta, nikapanga ujia, nikapanda na dari safu kwa safu mpaka ukabaki uwazi wa kutosha kiganja. Lilibaki jiwe la kufunika, namba sitini na moja. Baba alikuwa kwenye kiti chake, Madam nyuma yake akipiga picha. Nikafuta mikono, nikaikunja kifuani.

"Yalla, Metrine," Madam akasema.

"Nitaliweka pasi yangu ikiwa mkononi mwangu, na saini ya kutoka."

Madam alicheka kwanza, kisha uso ukabadilika. Alisema hii ni aibu, alisema ataita polisi, alisema amenitunza kama dada. "Pasi niliiweka kwa usalama. Kila mtu anafanya hivyo!"

"Najua, Madam. Ndiyo maana tuko wengi."

Akamgeukia Titus. "Weka wewe."

Titus alirudi nyuma hatua mbili. "Mimi ni dereva, Madam. Kaburi mafi," yaani kaburi hakuna.

Madam akalichukua jiwe mwenyewe. Ni zito kuliko linavyoonekana. Aliliingizia upande mmoja, na mkia mmoja ukainuka, na safu mbili za juu zikaingia chumbani kwa kishindo. Akabaki ameshika jiwe, vumbi usoni.

Baba akaniita karibu. Nilidhani atanifukuza.

"Unajua ulichofanya?"

"Najua, Baba. Mkia uwe mzito kuliko mdomo. Nimetokeza miaka miwili kwenye nyumba zenu. Nyuma yangu hamkuweka kitu."

Mzee alilia. Sikutaka alie, na sikusogea kumfuta. "Siku ile ya kahawa nilikuona," akasema. "Nilinyamaza kwa sababu nilitaka mikono yako." Akamgeukia binti yake. "Hanadi. Lete."

"Baba, na wewe? Nani atakuangalia?"

"Lete. Halas, imetosha."

Walirudi saa kumi, Madam na mumewe. Aliweka pasi kwenye kiganja changu, juu yake simu yangu ya zamani, betri imevimba. Mumewe alionyesha saini. Madam hakusema pole, lakini alishusha macho, na kwa mtu kama yeye huo ni mwendo mrefu.

Nikajifunga kitambaa, nikarudisha safu mbili zilizoanguka, mzigo nyuma, mdomo mbele. Nikaweka sitini na moja. Likakaa.

Alhamisi, 3 Disemba

Wageni wamekuja. Watoto wa shule waliinama kuchungulia ujia. Baba aliwaambia dari limejengwa kwa ufundi wa matofali wa mwanamke wa Kenya, akanionyesha kwa kidole kinachotetemeka. Nimemsamehe nusu. Nusu nyingine naisafiri nayo.

Jumatano, 9 Disemba

Titus amenipeleka uwanja wa ndege. "Sasa nitamwita nani Marehemu?" akasema, akajifanya kukagua kioo cha gari.

Kimilili. Jumamosi, 12 Disemba

Sikupita langoni. Cliff alinishusha kwa pikipiki kando ya mto, tukapanda kupitia shamba la jirani hadi mpaka wa nyuma, anakwenda mbele akikohoa kohoa kwa aibu. Mama alikuwa amesimama ng'ambo ya kaburi. Hakunikumbatia, Mzee Hezekiah alikuwa ameshamwonya. Alinitazama tu kuanzia miguuni kwenda juu.

Kaburi langu ni dogo kuliko nilivyodhani. Mgomba ni mrefu kuliko mimi, na mkungu umeinama kabisa, karibu kuiva. Pembeni pana mahali palipokaliwa mpaka nyasi hazioti, padogo, pa kutosha mtoto mmoja.

Mzee Hezekiah akanipa jembe. "Fukua, binti yangu. Na utusamehe kwa kukuweka huku."

"Mtanisamehe na nyinyi," nikasema, "kwa kuwa sitalala huku tena."

Mama akacheka. Ndipo nikajua nimefika.

Cliff aliushika mkungu nisije nikauangusha. Nilichimba peke yangu. Udongo ulikuwa laini, na mizizi ilikuwa imeshika kila upande. Lilipotoka tungi, likatoka na vipande vya kitambaa cha buluu, vimeshonwa na mizizi. Nilipoinua kichwa, Shirleen alikuwa amesimama kando ya ukuta wa jikoni. Amerefuka. Ana magoti ya baba yake.

Alikuja mpaka ukingoni akachungulia ndani. Alichungulia sana, kila kona.

"Hamna mtu," akasema.

"Hamna."

"Sasa yote niliyokuambia?"

Ningeweza kudanganya. Mama alikuwa amenipa mambo mawili matatu njiani kwa simu, niyaseme kana kwamba niliyasikia.

"Sikusikia hata neno moja, Shirleen. Nilikuwa mbali, na simu ilikuwa imefungiwa. Niambie upya."

Aliyatazama matope mikononi mwangu, kisha shimo, kisha uso wangu. Akakaa mahali pake pasipoota nyasi. Nami nikakaa ndani ya shimo, maana ndipo nilipokuwa, nikainua uso.

"Siku ya kwanza," akaanza, "nilikuambia viatu vinanibana."

"Bado vinabana?"

"Hapana. Kukhu alininunulia vingine," akasema, akimwonyesha nyanya yake kwa kidole. "Lakini hiyo ni baadaye, usiniruke." Akahesabu kwa vidole. "Halafu tulifanya mtihani wa darasa la tatu, nikawa namba kumi na moja..."

Chakula kilipoa. Mzee Hezekiah aliinuka na koleo akitaka kufukia shimo, na Mama akamshika mkono. Alimwambia angoje, mtoto hajafika hata darasa la nne.